Habari za Vita vya Toleo Jipya na Kiuno cha Mwalimu Mkuu

Njooni, enyi wenye masikio na muda wa kupoteza! Wewe mwenye simu, ilaze kifudifudi. Nawe unayetafuna, tafuna polepole, kwa maana ninayokwenda kuyanena hayapatani na kelele za meno. Nitawasimulia vita visivyo na farasi wala mkuki, vilivyopiganwa katika karakana ya ushonaji ya mama yangu, baina ya kabati la majora na meza ya pasi, vikaanza baada ya chai ya asubuhi na kwisha kabla ya chakula cha mchana, navyo vikaitikisa himaya nzima, yaani vyumba viwili na ukumbi mdogo wenye pazia. Mashujaa nitawataja kwa sifa zao, na waoga nitawataja kwa undugu wao nami, maana mmoja wao ni kaka yangu wa tumbo moja. Na atakayesema nimetia chumvi, na aseme. Chumvi ni yangu, na mdomo pia ni wangu.

Nawe Kumbukumbu, bibi mkubwa unayejua ni nani aliyeazima mkasi wa nani asiurudishe, ushike ulimi wangu usiteleze, unipe pumzi ya kuzimaliza sifa ndefu bila kukohoa, na pale nitakapodanganya, unijalie nidanganye kwa ufasaha.

Sasa basi. Shujaa wa habari hizi ni wifi yangu, mke wa kaka: Mwenye Vidole Vyepesi, Asiyetishwa na Maandishi Mekundu, Mfuga Nyaya. Alipoingia kwetu hakuja na cherehani wala hata sindano ya heshima. Alikuja na kompyuta ya mezani, nzito kiasi kwamba kaka aliibeba mara moja, akasema mgongo umekatika, na tangu siku hiyo hajabeba kitu kingine. Mama yetu, ambaye kwa miaka mingi alimwomba Mungu mkwe wa kumwekea mikono ya koti, akapewa mkwe ambaye kifungo akikishona asubuhi, jioni kiko chini ya kabati. Mimi nilimcheka waziwazi, kwa kuwa wifi asipomcheka wifi yake watu hudhani anaumwa.

Na Mama ni nani? Ninyi mnaouliza hamjawahi kushonewa. Mama ni Mtawala wa Pini, Mpima Jora kwa Jicho, mwanamke awezaye kujaza pini mdomoni na bado akakugombeza bila herufi hata moja kupotea. Zamani vipimo vya wateja wote viliishi kichwani mwake, mpaka kichwa kikaanza kuchoka, akamshonea mwenye duka la dawa suruali ya mwoka mikate, naye mwenye duka la dawa akavuka mji mzima ameishikilia kwa mikono miwili. Hapo ndipo wifi yangu alipopata upenyo. Akaomba vipimo vyote viingizwe katika kompyuta, katika kile wajuzi wanachokiita hifadhidata, yaani ghala lenye mtunzaji asiyeonekana, ambaye ukimwuliza mabega ya fulani hukuletea mabega ya fulani na si ya mwingine. Mama alikubali, lakini kwa sharti, na sharti hilo alilitoa amepanda juu ya kiti ili sote tusikie.

“Hii mashine nitaivumilia,” akanena. “Wageni wengi nimewavumilia kwenye nyumba hii, na huyu naye nitamvumilia. Lakini siku itakayoniaibisha mbele ya mteja, siku hiyohiyo inaingia stoo. Na wewe mkwe wangu unaingia kwenye vifungo. Utashona vifungo mpaka uviote. Tumeelewana?”

“Tumeelewana, Mama.”

Basi kompyuta ikawekwa juu ya stuli kando ya meza ya pasi, mahali ambapo mvuke uliipiga usoni kutwa nzima, na wifi yangu akakalia ndoo iliyopinduliwa. Huo ndio uliokuwa ufalme wake, na mipaka yake haikufika hata dirishani.

Ikawa katika siku hizo akaja kushonewa Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, ambaye watu humwita Nyundo, lakini si akiwa karibu. Alitufundisha sote, akatuadhibu sote, na sasa alikuwa anastaafu, na suti ya kuagwa alitaka ishonwe na Mama peke yake. Kitambaa aliletewa na mwanafunzi wake wa zamani kutoka mbali, kipande kimoja tu, cha rangi ambayo hatukuijua jina. Kikikatwa vibaya, hakuna kingine duniani tungekipata kwa wakati. Alipimwa nyuma ya pazia, na Mama mwenyewe, na Mama mwenyewe akaziingiza namba katika mashine kwa kidole kimoja, huku sisi wengine tumeamriwa kutazama ukutani.

“Nimepimwa leo,” akasema Mwalimu Mkuu akitoka nyuma ya pazia, akijifunga mkanda kama hakimu aliyemaliza kesi. “Sitapimwa tena mpaka siku ya kutengenezewa jeneza. Na hiyo namba ya kiuno, nikiisikia mtaani, nitajua imetoka hapa. Wote nawajua. Na wazazi wenu nawajua.”

Tukaendelea kutazama ukutani mpaka alipofika barabarani.

Ikapambazuka siku ya kukata. Kitambaa kilitandazwa juu ya meza kubwa, kimenyooshwa, kimetulia, na mbele yake alisimama fundi wetu mkataji, ambaye tunamwita Mzee Mkasi, mtu wa maneno machache na chaki nyingi. Sasa sikilizeni desturi ya karakana yetu, maana mtaihitaji. Kwetu hakuna mkasi unaogusa kitambaa kabla namba haijatajwa kwa sauti na mtu mmoja na kurudiwa kwa sauti na mwingine. Mama aliileta sheria hiyo baada ya balaa la suruali ya mwenye duka la dawa, na hata ukiwa peke yako karakanani, unatoka nje unamwita mpita njia aje akurudilie.

“Nipe kiuno,” akasema Mzee Mkasi.

Wifi yangu akaigeukia mashine, akafungua programu ya wateja, na pale yalipozoea kutokea majina ya watu kwa mpangilio mzuri, yakatokea maandishi mekundu: HIFADHI HAIPATIKANI. Akafunga, akafungua tena. Haipatikani. Mvuke wa pasi ukapita mbele ya skrini, nasi tukawa na tumaini la kijinga kwamba ukishapita mambo yatakuwa mengine, lakini ukapita na wekundu ukabaki palepale.

Mama akatema pini zake zote kiganjani. Tulioishi naye tunajua maana yake: hotuba inakuja, na inahitaji mdomo mtupu.

“Nilisema!” akanena, na sauti yake ikafika kwa majirani. “Nilisema au sikusema? Kichwa changu kilikuwa kinasahau mmoja mmoja. Hii imesahau mji mzima kwa asubuhi moja! Mwalimu anakuja leo kuangalia suti yake imefikia wapi. Nitamwambia nini? Nimwambie Mwalimu vua mkanda tupime tena? Mimi? Nipeleke wapi uso wangu? Stoo ifagiliwe! Leteni boksi la vifungo!”

Jueni basi kilichokuwa hatarini siku ile. Kwa Mama, ulikuwa uso wake mbele ya mtu pekee ambaye bado anamwogopa. Kwa wifi yangu, ilikuwa ni mwaka mzima wa kukalia ndoo, akingojea siku moja tu ya kuonekana ana faida. Na nakala ya akiba alikuwa nayo, kwa sababu si mjinga, kwenye flashi iliyoning'inia shingoni mwake. Lakini ilikuwa ya mwezi uliopita, na Mwalimu Mkuu alipimwa wiki hii. Ndani ya flashi ile mji mzima ulikuwemo isipokuwa kiuno kimoja.

Yeye hakulia wala hakujitetea. Alifungua dirisha jeusi, lile la kuandikia amri, nami nikasogea nyuma ya bega lake, kwa kuwa mambo ya watu hayanipiti. Tukaona pale maandishi ya asubuhi, kabla hatujafika. Mashine ilikuwa imeuliza, kwa adabu zake zote: Kuna vifurushi vyenye matoleo mapya, je, uendelee? Na mtu alikuwa amejibu: *Ndiyo asante.* Kisha mashine ikauliza: Vifurushi vifuatavyo vya zamani havihitajiki tena, je, viondolewe? Na mtu yuleyule akajibu: *Ndiyo, asante sana mwanangu.*

Katika karakana nzima, katika mtaa mzima, hata katika dunia yote, kuna mwanamke mmoja tu anayeweza kuiita kompyuta mwanangu na kuishukuru. Naye alikuwa anatutazama, mikono kiunoni, akingojea apate wa kumlaumu.

Nikafungua mdomo. Wifi yangu akabonyeza kitufe, dirisha likawa tupu.

“Kosa ni langu, Mama,” akasema. “Jana niliiacha bila kuifunga.”

Enyi wasikilizaji, nimewahi kuona watu wakibeba cherehani za chuma ngazini, lakini mzigo kama ule sijaona mtu akiupokea bila hata kukunja uso. Mimi ambaye mdomo wangu haufungiki hata kwa zipu, niliufunga. Na pale, nasema wazi, nilianza kumpenda.

Sasa nifafanue balaa lenyewe kama alivyonifafanulia yeye. Mashine ile ina msimamizi wa vifurushi, na kifurushi kwao si cha simu bali ni programu iliyofungashwa: unamwagiza programu, anaileta, anaipanga, na kilichopitwa na wakati anakitoa nje. Kwa programu nyingi hilo ni jambo dogo. Lakini mtunzaji wa hifadhidata ana inda zake. Toleo la kumi na tatu, lililokuwa limetunza vipimo vyetu, lilipanga ghala kwa namna yake. Toleo la kumi na tano likaja na funguo zake, likajijengea ghala lake pembeni, safi, tupu, halina hata mguu wa suruali. Halafu Mama, mwenye kuchukia mabaki kuliko dhambi, akaambiwa kuna vya zamani havihitajiki, akasema viondoke. Mtunzaji wa zamani akafukuzwa. Ghala lake lilibaki, limefungwa, na vipimo vyote vimo ndani, na yule mpya hawezi kuusoma mpangilio wa mwenzake hata umchape.

Wakati huo akaingia kaka yangu, mume wa shujaa, Mkuu wa Usambazaji Nguo kwa Baiskeli, ambaye ujuzi wake wote wa kompyuta ni kuzima na kuwasha. Akazima. Akawasha. Haipatikani. Akajikuna kidevu, akatoa ushauri.

“Mke wangu, hili jambo jepesi kabisa. Si kuna folda ya kumi na tatu na folda ya kumi na tano? Chukua ile ya zamani, ibadilishe jina, iite kumi na tano. Mashine itajuaje? Unaiwekea tu jina, inameza.”

Ndipo shujaa akasimama kutoka kwenye ndoo yake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akahutubia karakana.

“Mume wangu, wewe ukinipa pajama ukaishonea lebo ya suti, nitaivaa kwenye sherehe? Mtunzaji mpya ataangalia ndani, ataona si mpangilio wake, atakataa. Na akikataa, tumshukuru, maana akijaribu kuandika humo ataharibu hata hicho kidogo tulichonacho. Hakuna cha kubadilisha jina hapa. Yule wa zamani lazima arudishwe. Asimame yeye hapa na mpya hapa, amkabidhi kitu kimoja kimoja, jina kwa jina, kiuno kwa kiuno. Halafu ndiyo aende zake. Na kabla ya yote, ghala lililofungwa tunalinakili kama lilivyo. Naomba mtu yeyote asiguse kitu.”

“Ameanza kutuamuru,” akasema Mama, lakini kwa sauti ya chini.

Akachomoa flashi shingoni, akainakili humo folda yote ya zamani, akairudisha shingoni, na hapo akawa na ngao. Kisha akamwagiza msimamizi wa vifurushi: mlete tena toleo la kumi na tatu. Msimamizi akakubali, akaanza kuvuta kutoka mtandaoni, na mtandao wa karakana yetu, ambao hata ujumbe wa pole huufikisha baada ya maziko, ukalala chini. Mstari wa upakuaji ukasimama. Tukausubiri kama askari wanavyosubiri lango lifunguke, Mzee Mkasi na chaki yake, kaka na kidevu chake, Mama akipanga na kupangua vifungo ndani ya boksi kwa vitisho.

Na hapa, niruhusuni, naingia mimi mwenyewe katika historia. Nilikuwa na bando. Bando zima, jipya, nililolitunza kwa ajili ya tamthilia yangu, siku ambayo mke mkubwa angegundua kila kitu. Nikaitazama simu. Nikamtazama wifi. Nikapiga moyo konde.

“Unganisha kwangu,” nikasema.

“Wifi! Na tamthilia?”

“Atagundua bila mimi. Unganisha kabla sijabadilisha nia.”

Bando langu likateketea pale, likalia kwa mlio wa onyo, na mstari ukaanza kusogea, ukasogea, ukafika. Mtunzaji wa zamani akarudi kazini. Wifi yangu akamwamsha, akachungulia, na tukayaona: majina ya watu, yote, yamekaa kimya ndani ya ghala la zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipiga kelele. Mzee Mkasi akainua chaki.

“Bado,” akasema shujaa. “Kuwaona si kuwavusha. Programu yetu sasa inafuata matoleo mapya, tukiiacha hivi kesho itavunjika tena. Tuvushe leo.”

Akaandika amri ya kuvusha. Mashine ikakataa: toleo la kumi na tano tayari lina ghala. Lile ghala tupu! Lile lisilo na hata mguu wa suruali, limekalia njia kama mgeni aliyefika mapema akachukua kiti cha bwana harusi. Hapana budi lifutwe kwanza. Na amri ya kulifuta, enyi mnaotetemeka kwa mambo madogo, ni mstari mmoja mfupi: futa ghala, kisha namba ya toleo. Yote mawili yana jina moja. Tofauti ni namba tu, na ukishabonyeza hakuna mtu wa kumwomba msamaha.

Akaandika. Kidole chake kikapanda juu ya kitufe, kikakaa. Na kwa kuwa yeye sasa ni wa karakana hii, hata kama kifungo hakikai, akafanya kama tunavyofanya sote kabla ya mkasi.

“Wifi, nirudilie.”

Nikainama, nikasoma kwa sauti, kama ninavyorudia mabega na makwapa kila siku ya Mungu: “Futa ghala la kumi na tatu.”

Pasi ikatoa mvuke.

“Nimeandika kumi na tatu?”

“Kumi na tatu.”

Mwaka mzima alikuwa akiandika kumi na tatu, na vidole vyake vyepesi vilikwenda vyenyewe mahali vilipozoea. Aliurudisha mkono mapajani, akaukalia kabisa, ili usifanye lolote kwa hiari yake. Jasho likamtoka mpaka kwenye mdomo wa juu. Kweli ngao ilikuwepo shingoni, lakini hakuna askari anayetaka kuijaribu ngao kwa kujichoma mwenyewe. Baada ya hapo akafuta ile namba, akaandika nyingine, taratibu kama mtoto anayejifunza.

“Nirudilie.”

“Futa ghala la kumi na tano.”

“Na limo nini ndani?”

“Hamna kitu, wifi. Tupu.”

Akabonyeza. Ghala tupu likaanguka bila kishindo. Akatoa tena amri ya kuvusha, na safari hii mashine haikubisha. Mistari ikaanza kushuka polepole, jina moja moja, yule wa zamani akikabidhi na mpya akipokea.

Na ni katika saa hiyo, kabla ya muda wake, kama kawaida ya walimu, ndipo alipoingia Nyundo.

“Habari za kazi,” akasema. Sote tukasimama. Hata kaka akachomekea shati.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Mbona kitambaa bado kizima?”

Mama akamwahi kwa kiti, kwa chai, kwa habari za watoto na wajukuu, kwa sifa za rangi ya kitambaa, kwa kila silaha aliyokuwa nayo. Mwalimu Mkuu akavikataa vyote kwa kutikisa kidole.

“Chai nimekunywa. Nauliza mbona hakijakatwa. Mashine imepata nini? Mbona mnatetemeka? Mmepoteza vipimo vyangu?”

“Havijapotea, Mwalimu,” akasema wifi yangu. “Vinahama.”

“Vinahama kwenda wapi? Nani kavihamisha? Nani aliyegusa?” Na akatutazama mmoja mmoja kwa zamu, kwa jicho lilelile lililokuwa likitafuta aliyevunja kioo, na nawaambieni, wakati ule ningekiri hata vioo nisivyovivunja.

Wifi yangu akavuta pumzi. “Mwalimu, ni mi—”

“Ni mimi,” akasema Mama.

Chaki ya Mzee Mkasi ikaanguka ikavunjika. Mama hakuwahi kukosea katika karakana ile. Waliokosea siku zote walikuwa uzi, mashine, hali ya hewa, na sisi. Sasa alisimama katikati ya ukumbi, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba amekuwa mfupi kuliko nilivyomzoea.

“Ni mimi, Mwalimu. Huyu mtoto hana kosa. Nilikuja asubuhi kufagia, nikakuta mashine inauliza. Iliniuliza vizuri, nikaijibu vizuri. Ikaniuliza kama vya zamani vitolewe, nikasema vitoke, mimi sipendi takataka. Baadaye nikaona wekundu, nikaogopa. Nikapiga kelele ili nisiulizwe. Na yeye alikuwa anajua. Niliona amefuta maandishi yangu, akasema ni yeye. Nimesimama hapa tangu asubuhi namtishia boksi la vifungo, na yeye anajua.”

Wifi yangu alikuwa anautazama mstari kwenye skrini, lakini machozi yalikuwa yameshamtoka na mstari hauoni. Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Kaa chini,” akamwambia Mama, kwa sauti ambayo kwake ni ya upole.

Mama akakaa. Na hapo mashine, isiyo na aibu wala kujua wakati wa kunyamaza, ikaandika: KUVUSHA KUMEKAMILIKA.

Shujaa akafungua programu ya wateja. Majina yakatokea. Mwenye duka la dawa yupo na mwoka mikate yupo, kila mmoja na suruali yake. Akatafuta, akampata Mwalimu Mkuu: mabega, mikono, urefu, na pale chini, kiuno, kizima, hakijapungua wala kuongezeka njiani.

“Nipe kiuno,” akasema Mzee Mkasi, akiwa na kipande cha chaki.

Hapo tukakwama upya, maana desturi inataka namba itajwe kwa sauti na kurudiwa kwa sauti, na onyo la Mwalimu linataka namba isisikike milele. Mama akainuka kwenda kuifunika skrini kwa kiganja. Mwalimu Mkuu akamsogeza pembeni, akainama juu ya stuli, mvuke ukampiga usoni kama unavyompiga yeyote, akaisoma.

“Mama mwenye nyumba amesema lake mbele ya watu,” akasema. “Basi na mimi nitasema langu.”

Akanyooka, akaitaja namba ya kiuno chake kwa sauti ya gwaride la asubuhi, mpaka wapita njia wakageuka. Na Mzee Mkasi, kwa heshima ambayo wengine hawaipati hata msibani, akairudia. Mkasi ukaingia kitambaani. Namba yenyewe siisemi. Anawajua wazazi wangu.

Mwalimu alipokwisha kwenda, Mama akachukua ufagio kwa mazoea, akasimama mbele ya mashine.

“Na yule wa zamani? Sasa si aondoke?”

“Bado, Mama. Abaki mpaka suti ivaliwe na tuone imekaa.”

Mama akafikiri. “Hapo umesema kishonaji,” akasema.

Kisha akauegemeza ufagio ukutani, akaenda kwenye meza yake iliyo dirishani, meza ambayo mimi binti yake sijawahi kuiwekea hata kikombe, akausogeza mto wa pini, akausogeza mkebe wa uzi, akaisogeza picha ya baba yetu, kwa mkono wake mwenyewe, mpaka nusu nzima ya meza ikawa tupu. Hakuhutubia. Alirudisha pini mdomoni na kusema kwa kupitia katikati yake, “Kaka yako aje abebe hiyo mashine. Mvuke utamwua mtoto.”

Basi semeni, enyi vizazi, na mkisema semeni kwa kujinyoosha: kwamba katika siku moja ya kazi ya kawaida mwanamke aliyekalia ndoo alivusha mji mzima kutoka toleo la kumi na tatu hadi la kumi na tano bila kupoteza hata kiuno kimoja, na akapewa nusu ya meza. Himaya zimewahi kupanuka kwa damu nyingi na kupata kidogo kuliko hapo. Kaka aliibeba kompyuta mpaka dirishani, akasema mgongo umekatika, na safari hii hakuna aliyempa pole, maana sote tulikuwa tunamtazama wifi yangu akivuta kiti cha kweli na kukaa.